Subaru Yako Ilizaliwa Kwenye Theluji

Wasee, leo tuongee historia. Usitoroke bado, si ile ya kukariri tarehe usiku wa kuamkia mtihani. Ni historia ya kitu kimeegeshwa nje ya nyumba yenu, ama ya jirani. Gari. Hasa ile Subaru ambayo mtaa mzima hujua imefika kabla hata haijakata kona.

Anza na maswali madogo. Kwa nini baadhi ya Toyota na Nissan za automatiki ziko na kitufe kimeandikwa SNOW, na hapa theluji tunaiona tu tukiangalia kilele cha Mlima Kenya? Kwa nini kuna magari yenye nyaya nyembamba kwenye kioo cha mbele, pale chini waipa zinapolala? Kwa nini gari mbili za aina moja, za mwaka mmoja, moja inakuja na betri kubwa kuliko nyingine?

Jibu ni kwamba hayo magari yalijiandaa kwa baridi kali kabla hayajapanda meli kuja Mombasa. Sisi tunanunua sana mitumba ya Japani. Usukani uko kulia kama wetu, na sheria yetu inataka gari isizidi miaka 8. Kwa hivyo tunanunua gari pamoja na hali ya hewa ya kwao.

Maoni yangu ni haya: gari ni majibu ya maswali ambayo watu wa mahali fulani waliuliza. Usipojua swali, jibu utalitumia vibaya, na vibaya barabarani maanake ni watu kuumia.

Turudi nyuma kidogo. Magari ya kwanza yalichukia baridi kabisa. Injini ilipozwa na maji, na maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9. Chuma hakipanuki nayo, kinapasuka. Kwa hivyo dereva wa Ulaya au Marekani ya Kaskazini alikuwa anafungulia redieta usiku, anamwaga maji yote, halafu asubuhi anamimina mengine ya moto. Wengine walichanganya maji na alkoholi, lakini alkoholi huchemka mapema, kwa hivyo ilikuwa inapotea hewani kidogo kidogo na dereva lazima aendelee kuongeza. Mwaka wa 1927 Marekani ilianza kuuziwa Prestone, kemikali ya ethilini glaikoli ambayo haigandi haraka na haipotei hewani haraka. Hiyo ndiyo nyanya ya kulanti yako ya kijani au ya pinki. Iweke akilini, tutairudia.

Kuwasha gari nako kulikuwa vita. Oili ikipata baridi inakuwa nzito kama uji uliosahaulika kwenye sufuria, na ilibidi uzungushe injini kwa mkono, kwa kile chuma cha kupinda. Kikirudi kwa nguvu kinaweza kukuvunja mkono. Cadillac ya 1912 ndiyo ilileta stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake. Lakini hata stata inategemea betri, na betri kwenye baridi hupoteza nguvu wakati ule ule injini inahitaji nguvu zaidi. Ndio sababu gari za mikoa ya baridi hupewa betri kubwa.

Halafu tairi. Mwaka wa 1934 kiwanda kimoja cha Finland, ambacho leo ni Nokian Tyres, kilitoa tairi ya lori iliyoundwa hasa kwa ajili ya theluji. Miaka 2 baadaye kikatoa ya magari madogo. Kufikia miaka ya 1930, basi, orodha ya kuandaa gari kwa baridi ilikuwa karibu kamili: maji yasiyogande, oili nyepesi, betri yenye nguvu, tairi za kushika.

Sasa twende Japani, kwa sababu huko ndiko gari zetu zimetoka.

Wengi wakisikia Japani wanafikiria Tokyo, mataa na treni za kasi. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo ni mojawapo ya mahali duniani panapoangukiwa na theluji nyingi sana. Upepo baridi hutoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ukinyonya unyevu, halafu unagonga milima na kumwaga kila kitu. Upande wa magharibi wa milima nyumba zinaweza kufunikwa hadi dirishani. Upande wa mashariki, mahali kama mji wa Sendai katika mkoa wa Miyagi, kuna baridi lakini theluji si nyingi hivyo. Shika hiyo tofauti, itatusaidia.

Katika eneo hilo la Tohoku kulikuwa na kampuni ya umeme, Tohoku Electric Power. Fikiria kazi ya mafundi wake. Waya ikikatika mlimani wakati wa theluji, huwezi kumwambia mteja asubiri mwezi wa nne. Lazima mtu aende. Walikuwa wanatumia magari ya aina ya jeep, yenye 4WD. Yanapita kweli, lakini ndani ni baridi, ni kelele, na mgongo unalia. Wakauliza swali rahisi sana: kwani haiwezekani kupata gari ya kawaida, yenye joto na viti vizuri, lakini inayosukuma kwa magurudumu yote manne?

Hilo swali halikuulizwa Tokyo kwenye ofisi kubwa. Lilipelekwa kwa wauzaji wa Subaru pale Miyagi, na mafundi wa huko wakaanza kujaribu wenyewe. Bahati ni kwamba Subaru za wakati huo zilikuwa zimepangwa kwa njia inayosaidia. Kwenye Subaru 1000, iliyotoka 1966, injini ililala mbele na giaboksi ikafuata nyuma yake kwa mstari mmoja, ikielekea katikati ya gari. Nguvu zilikuwa zinaenda magurudumu ya mbele tu. Ukitaka ya nyuma yasukume pia, unaongeza shafti inayonyooka hadi nyuma. Si rahisi kama kuunga bomba la maji, lakini njia iko wazi.

Mwaka wa 1971 kampuni ilionyesha gari ya aina hiyo kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, na mwaka wa 1972 ikaanza kuuza Leone ya 4WD kwa umma. Ndiyo ilifungua njia ya gari za kawaida za 4WD zinazotengenezwa kwa wingi. Forester, Impreza, Legacy, Outback, zote unazoona zikipasua Thika Road zimetoka kwenye ukoo huo. Ule mfumo ambao vijana wetu wanausifu kwa sababu ya kona na kasi ulianza kwa sababu fundi wa stima alitaka kufika kazini bila kuganda miguu.

Na kuna jambo tamu hapa kwetu Waswahili. Jina Subaru kwa Kijapani ni lile kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Zile nyota za kwenye nembo ndizo hizo. Wazee wetu walisoma Kilimia kujua msimu wa kulima. Msemo upo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa ufupi, angalia mbinguni ujiandae mapema.

Basi Tohoku walipata gari ya kupita kwenye theluji. Lakini kupita ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni kusimama. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, huko na hapa. 4WD inasaidia gari kuondoka na kupanda. Kwenye kufunga breki haikupi kitu cha ziada, kwa sababu kila gari, hata ile Vitz ya anko, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Kinachokusimamisha ni tairi.

Suluhisho la kwanza la Wajapani lilikuwa tairi zenye misumari. Fikiria njumu za mpira wa miguu: vichuma vidogo vimejaa kwenye tairi, vinachimba barafu na kushika. Zilienea Ulaya ya Kaskazini kwanza, halafu zikaingia Japani. Kufikia miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, majira ya baridi yakikaribia, wenye magari wa kaskazini walizivaa kama sare ya shule.

Kwenye barafu ni nzuri sana. Lakini kumbuka nilisema Sendai haipati theluji nyingi. Siku nyingi za msimu lami ilikuwa wazi, kavu, na maelfu ya magari yanapita juu yake na misumari. Lami ikaanza kusagwa. Alama za barabara zikafutika, mashimo ya mkondo wa tairi yakatokea, na vumbi la lami likajaa hewani. Watu walivaa barakoa, wakafunga madirisha, wakaanika nguo ndani. Mji wenyewe ukabandikwa jina la jangwa. Wenye maduka kando ya barabara kubwa walifagia vumbi asubuhi, wakafagia tena mchana.

Hapa ndipo historia yenyewe inanishika. Kila dereva, ukimuuliza, alikuwa na sababu nzuri. Mimi nataka nifike nyumbani salama, nina watoto kwenye gari. Hakuna aliyekuwa mbaya. Lakini usalama wa kila mmoja ulipojumlishwa, ukawa sumu ya wote, pamoja na bibi mzee anayetembea kwa miguu na hata gari hana.

Wakazi wakaanza kulalamika hadharani. Hoja ikatoka mtaani ikaingia serikalini. Mwaka wa 1985 mkoa wa Miyagi ukapitisha kanuni yake kuhusu tairi za misumari. Nagano, mkoa mwingine wa milima, mawakili wakawapeleka watengenezaji wa tairi mbele ya tume ya kusuluhisha migogoro ya uchafuzi wa mazingira, na mwaka wa 1988 kampuni 7 zikakubali kusimamisha uzalishaji ifikapo mwisho wa 1990. Mwaka huo huo wa 1990 bunge likapitisha sheria ya nchi nzima dhidi ya vumbi la tairi za misumari. Toka malalamiko ya mtaani mpaka sheria ya taifa, karibu miaka 10.

Kampuni hazikukaa bure. Zilikuwa tayari zinatafuta tairi ya kushika barafu bila msumari. Siri ilikuwa kwenye mpira wenyewe. Tairi ya kawaida ikipata baridi kali inakauka, inakuwa ngumu kama slipa kuukuu. Wakachanganya mpira unaobaki laini hata chini ya sifuri, wakaukata mipasuo mingi membamba ya kung'ata barafu. Na kwa sababu kinachofanya barafu iteleze ni ule utando mwembamba wa maji juu yake, Bridgestone ilipotoa Blizzak mwaka wa 1988 ilitumia mpira wenye vitundu vidogo vidogo vya kuondoa hayo maji. Tairi za namna hii ndizo Japani huandikwa STUDLESS ubavuni, yaani zisizo na misumari.

Vumbi likashuka. Hewa ikarudi. Lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa raha tupu. Kule Sapporo, mji mkubwa wa kisiwa cha Hokkaido wenye theluji nyingi, kulizuka shida mpya. Misumari ilikuwa ikikwaruza barafu na kuiacha ikiwa na makovu. Tairi laini ziliposimama na kuondoka kwenye makutano, ziliipiga barafu pasi ikang'aa kama kioo. Watu wa miguu wakaanza kuanguka kwa wingi. Mji ukaweka masanduku ya mchanga kwenye pembe za barabara, ili yeyote anayepita achukue amwage mahali panapoteleza. Hebu fikiria hiyo: suluhisho la tairi likaishia kuwa mkono wa raia na mfuko wa mchanga.

Sasa turudi Mombasa, meli imetia nanga.

Gari inashuka. Pengine imetoka Hokkaido, pengine Sendai. Na pengine bado imevaa zile tairi laini za theluji. Zina kashata nene, zinaonekana mpya, muuzaji anakuambia ziko fiti. Lakini huo mpira uliundwa kubaki laini kwenye baridi. Mpeleke mchana wa Mtito Andei, lami inachemka, gari imebeba watu 5 na mizigo. Tairi inalegea, inakwisha haraka, gari inayumba kwenye kona. Mvua ikinyesha, umbali wa kusimama unaongezeka. Kitu kilichoundwa kuokoa maisha Sapporo kinakuwa hatari Mombasa Road. Hakuna kilichoharibika, ni jibu limepelekwa kwa swali tofauti.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kutupa kila kitu ati ni cha baridi. Umesikia mtaani: kulanti ni ya nchi za baridi, weka maji ya mfereji. Kweli ilizaliwa kwa sababu ya baridi, lakini historia yake haikuishia hapo. Kulanti ya leo hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu ndani ya injini na redieta. Ukipanda Rironi na foleni, hiyo ndiyo rafiki yako. Themostati nayo ni hivyo hivyo. Kuna mafundi wanaing'oa wakisema hapa kuna joto, haina kazi. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafika joto lake la kufanyia kazi na kubaki hapo. Bila hiyo injini inazunguka ikiwa baridi muda mrefu, inakunywa mafuta zaidi na kujimaliza mapema.

Unaona? Vitu vyote vitatu vimetoka kwenye baridi. Kimoja ukitoe, viwili uviache. Huwezi kujua kipi ni kipi kwa kuangalia tu rangi na kung'aa. Lazima ujue kiliundwa kwa nini. Ndio maana nasema historia si somo la kupita mtihani.

Ushauri wa haraka kabla hujalipa deposit. Inama, usome ubavu wa tairi. Ukiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani, hizo ni za baridi. Panga bajeti ya kuzibadilisha. Tafuta pia tarakimu 4 za mwisho za DOT: 3521 maanake wiki ya 35 ya mwaka wa 2021. Halafu chungulia chini ya gari. Barabara za kaskazini humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma. Bodi inaweza kung'aa kama harusi na chini kumeoza.

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko tairi ninachotaka ubaki nacho. Mafundi wa Tohoku walisema barabara yetu inataka gari ya namna hii, wakapata. Wakazi wa Sendai walisema usalama wenu unatuziba pumzi, wakasikizwa. Hawakungoja mtu wa mbali awaamulie. Sisi tumekuwa wateja wa majibu ya wengine kwa muda mrefu mpaka tumesahau kwamba nasi tuna maswali. Barabara yetu ina vumbi jekundu, matuta yasiyo na alama, mafuriko ya Aprili, matatu zinazobeba wanafunzi, na boda boda pande zote mbili. Gari inayojibu hayo inafanana vipi? Tairi gani? Sheria gani? Na nani anakohoa wakati wengine tunafika salama?

Msimu wetu wa hatari hauna theluji. Una mvua, na inarudi kila mwaka, tarehe karibu zile zile. Kilimia hakijawahi kukosa. Sisi ndio hungoja maji yafike mlangoni ndipo tuulize nani alijua.